Mtakatifu Pier Giorgio Frassati: Kijana Aliyekutwa Kazini



Kila mwaka wa Kanisa unapokaribia kufungwa, mwezi Novemba, masomo ya Misa yanabadilika sauti. Tunasikia habari za wanawali na taa zao, za talanta, za mwizi anayekuja usiku, na katika mwaka A, Jumapili ya Kristo Mfalme, tunasomewa Injili ya Mathayo sura ya 25: Mwana wa Mtu ameketi katika kiti cha utukufu, kondoo kulia, mbuzi kushoto. Na kila mwaka, baada ya masomo hayo, maswali ninayoulizwa na vijana ni yaleyale. Fra, mwisho ni lini? Hizi vita tunazoziona kwenye simu ndizo zile dalili? Ni kweli kuna mtu kaota tarehe?

Mimi nadhani Injili yenyewe inatuondoa kwenye swali la lini. Bwana amesema wazi kwamba siku wala saa hatuijui. Anachotuuliza ni kitu kingine: akija, atatukuta tunafanya nini? Swali hilo halijibiwi kwa kuhesabu matetemeko. Linajibiwa kwa siku ya kawaida, Jumanne ya kawaida kabisa yenye foleni, masomo, hasira za nyumbani na pesa isiyotosha. Ndiyo maana leo naomba niwasimulie maisha ya kijana mmoja aliyefariki miaka mia moja iliyopita akiwa na miaka 24. Bwana alimjia ghafla, na alimkuta kazini.

Jina lake Pier Giorgio Frassati. Alizaliwa Torino, kaskazini mwa Italia, tarehe 6 Aprili 1901. Siku hiyo ilikuwa Jumamosi Kuu. Baba yake, Alfredo Frassati, alikuwa mwenye gazeti la La Stampa, moja ya magazeti makubwa ya Italia hadi leo. Alikuwa pia seneta, na baadaye balozi wa Italia nchini Ujerumani. Mama yake, Adelaide Ametis, alikuwa mchoraji. Alikuwa na dada mmoja, Luciana, aliyemfuata kwa mwaka mmoja tu. Kwa ufupi, ni nyumba ya watu wakubwa: heshima ipo, pesa ipo, wageni wa maana wanaingia na kutoka.

Imani ndiyo iliyokuwa haba. Baba hakuwa mtu wa kusali. Mama alifuata desturi za Kanisa, lakini bila moto mwingi. Tena wazazi wenyewe hawakuelewana. Ndoa yao kwa miaka mingi ilikuwa karibu kuvunjika, na watoto walikula mezani wakiusikia ule ukimya mzito. Nalisema hili mapema kwa sababu wapo wenzetu wanaodhani utakatifu ni wa watoto waliolelewa na wazazi wanaosali Rozari kila jioni. Pier Giorgio hakuipata bahati hiyo.

Alianza kutoa akiwa mdogo. Inasimuliwa kwamba siku moja mama fukara alibisha mlangoni kwao akiwa na mtoto asiye na viatu, na Pier Giorgio mdogo akavua vya kwake akampa haraka haraka, kabla mtu wa nyumbani hajatokea kumzuia. Shuleni hakuwa kipanga. Alifeli Kilatini, wazazi wakaona aibu, akahamishiwa shule ya Wajesuiti. Hapo ndipo Mungu alipotumia ile feli. Miaka michache kabla, mwaka 1905, Papa Pius X alikuwa amewahimiza waamini wapokee Komunyo mara kwa mara, hata kila siku, jambo ambalo wakati ule halikuwa la kawaida. Kwa Wajesuiti kijana huyu alianza kupokea Ekaristi kila siku, na hakuacha tena mpaka alipolala kitandani kufa.

Hapa naomba tusimame kidogo. Tulipokuwa tunasoma falsafa tulikaa sana na Aristotle na Mtakatifu Thoma wa Akwino juu ya fadhila. Kwa lugha ya kwetu, hoja yao ni kwamba mtu hawi mwema kwa tendo moja kubwa. Anakuwa mwema kwa kurudia tendo jema mpaka liingie damuni, mpaka kutenda vizuri kuwe rahisi kwake kama kupumua. Haba na haba hujaza kibaba. Ukitaka kujua utakuwa nani siku ya mwisho, angalia unarudia nini kila siku. Pier Giorgio alirudia vitu vichache tu: Misa, Rozari, kukesha usiku mbele ya Ekaristi, na maskini.

Mwaka 1918, akiwa na miaka 17, alijiunga na Chama cha Mtakatifu Vinsenti wa Paulo, kile ambacho wanachama wake huwatembelea maskini majumbani mwao. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa inaisha. Torino ilikuwa imejaa wajane, majeruhi, wafanyakazi waliofukuzwa viwandani, watu wa vyumba vya juu kabisa vyenye giza na kikohozi. Kijana wa seneta akawa anapanda ngazi hizo na mafurushi ya chakula, nguo na kuni. Alikuwa akiwatafutia dawa, akiwalipia madeni, akiwahangaikia kazi.

Pesa alipata wapi? Watu wanadhani mtoto wa tajiri ana pesa tu. Baba yake alikuwa mgumu kutoa. Pier Giorgio alipewa nauli ya tramu, akawapa maskini nauli hiyo, kisha akakimbia kwa miguu kurudi nyumbani awahi chakula, kwa sababu kwao kuchelewa mezani lilikuwa kosa. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Alifika amelowa jasho, baba na mama wakamwona kijana asiye na mpangilio, mtu wa kuchelewachelewa, ambaye huenda hatafika popote. Na yeye hakujieleza.

Mwaka huohuo wa 1918 aliingia chuo cha ufundi cha Torino kusomea uhandisi wa migodi. Alichagua migodi kwa makusudi: wachimbaji walikuwa kati ya wafanyakazi walioumia kuliko wote, na alitaka kuishi kati yao kama mlei Mkristo. Masomo yalikuwa magumu kwake. Alikesha na vitabu, akafeli mitihani mingine, akairudia. Alijiunga na wanafunzi Wakatoliki, na mwaka 1920 akaingia chama cha siasa kilichoanzishwa na padri Luigi Sturzo, Partito Popolare, kwa sababu aliona sadaka peke yake haitoshi kama sheria zinaendelea kumkandamiza mnyonge. Mei 1922 alijiunga na walei wa Shirika la Mtakatifu Dominiko, akachukua jina la Girolamo.

Msimfikirie kama kijana mpole wa picha ya novena, shingo imeinama upande. Alikuwa mrefu, mwenye nguvu, mwenye kicheko kikubwa, mpenda utani na mpanda milima hodari. Yeye na marafiki zake, wavulana na wasichana, walijiundia kikundi mwaka 1924 wakakiita Tipi Loschi, yaani kama kusema watu wa kutiliwa shaka. Walipanda milima ya Alpi, wakasali, wakataniana. Na alikuwa jasiri. Mwaka 1921 huko Roma polisi walipovamia maandamano ya vijana Wakatoliki, aliing'ang'ania bendera ya kikundi chao wakati wanapigwa, akakamatwa pamoja na wenzake. Inasimuliwa kwamba walipogundua ni mtoto wa balozi walitaka kumwachia, naye hakukubali kutoka peke yake. Mafashisti wa Mussolini walipovamia nyumba yao Torino mwaka 1924, aliwakabili kwa mikono yake mpaka wakakimbia.

Hata hivyo, mapambano yake makubwa zaidi hayakuwa ya ngumi. Yalitokea moyoni, na karibu hakuna aliyeyaona.

Katika lile kundi la milimani alikuwepo msichana aitwaye Laura Hidalgo. Pier Giorgio alimpenda kweli. Lakini alijua wazazi wake wasingemkubali, kwani hakuwa wa tabaka lao, na ndoa yao ilikuwa tayari inaning'inia kwenye uzi. Kuleta ugomvi mpya nyumbani kungeweza kuwa kishindo cha mwisho. Aliomba ushauri, akasali, akaliacha. Laura hakuambiwa. Akaendelea kuwa rafiki kwake kama kawaida, huku yeye akilibeba peke yake.

Kisha likaja la pili. Baba yake alitaka aingie kazini kwenye gazeti, siku moja alirithi. Ombi hilo lilifikishwa kwake kupitia mfanyakazi wa gazeti. Maana yake: kwaheri migodi, kwaheri ndoto ambayo ilimfanya akeshe miaka saba. Alikubali, kwa sababu alijua itamfurahisha baba.

Naomba niseme ukweli wangu hapa: sehemu hii ya maisha yake inanisumbua. Nikiwa msomaji tu, natamani angekataa. Natamani angemwambia baba ukweli, angemwambia Laura ukweli. Kanisa halituambii kwamba kila kijana lazima afanye kama yeye. Kuna wakati upendo unadai kusema hapana kwa wazazi, na wapo watakatifu waliofanya hivyo. Lakini ninachokiona ni kwamba aliamua mambo haya bila kutafuta ashangiliwe. Hakuna aliyempigia makofi. Aliamini yupo Mmoja anayeona sirini, na kwamba hilo linatosha.

Sasa tufike Juni 1925. Amebakiwa na mitihani miwili tu apate shahada. Mwisho wa mwezi anarudi nyumbani anaumwa kichwa na mgongo. Nyumba nzima iko kwenye shughuli nyingine: bibi yake, mzaa mama, yuko mahututi. Nani atamwangalia kijana wa miaka 24 mwenye misuli ya mpanda milima, eti anaumwa kichwa? Bibi anafariki tarehe 1 Julai. Pier Giorgio usiku anajaribu kuamka akasali kando ya mwili wa bibi, anaanguka njiani, anainuka, anaanguka tena. Hakumsumbua mtu. Siku ya mazishi ya bibi hakuweza kuinuka kitandani, na hapo tu ndipo watu waliposhtuka. Madaktari walipompima wakakuta ni polio, ile kali inayopanda kwa haraka. Inadhaniwa aliambukizwa na wagonjwa aliokuwa akiwatembelea. Dawa ilitafutwa hadi Paris. Muda ulikuwa umekwisha.

Ijumaa tarehe 3 Julai jioni, mwili umeshaanza kupooza. Ijumaa ilikuwa siku yake ya kuwatembelea maskini. Alimwomba dada yake Luciana amletee vitu kutoka mfukoni mwa koti. Vilikuwa viwili: kisanduku cha dawa za sindano, na stakabadhi ya rehani. Akaomba karatasi. Kwa mkono ambao ulikuwa haumtii tena, kwa mwandiko unaosomeka kwa shida, akamwandikia mwenzake wa Chama cha Mtakatifu Vinsenti: sindano hizi ni za mgonjwa fulani, na stakabadhi hii ni ya fulani, aliyeweka kitu chake rehani; tafadhali iongezewe muda, gharama niandikiwe mimi.

Kesho yake, Jumamosi tarehe 4 Julai 1925, jioni, akafa.

Mimi kila nikifikiria hukumu ya mwisho, ile karatasi inanijia. Kijana anajua anakufa. Padri amekuja, sakramenti amepokea. Angeweza kutumia nguvu za mwisho kwa mambo ya juu sana, maneno ya kuchapishwa kwenye kadi. Yeye anafanya kile alichokuwa afanye Ijumaa hiyo hata angekuwa mzima: sindano zimfikie mgonjwa, vitu vya maskini visipigwe mnada. Hakuwa na haja ya kubadilisha ratiba kwa sababu Bwana anakuja. Ratiba yake ilikuwa tayari ndiyo hiyo.

Halafu likaja lile lililowaangusha wazazi wake. Siku ya mazishi, tarehe 6 Julai, familia ilitegemea kuwaona watu wa hadhi yao: wanasiasa, wahariri, matajiri wa mji. Hao walikuja. Lakini barabara zilijaa watu wengine kabisa, maelfu, wamevaa nguo za kuchakaa, wanalia. Wajane, vilema, wafanyakazi, akina mama na watoto wao. Baba na mama walibaki wameduwaa. Hawa ni nani? Wamemjuaje mtoto wetu? Na upande wa pili wengi wa wale maskini nao walishangaa: kumbe yule kijana aliyetuletea kuni ni mtoto wa Frassati, mwenye La Stampa! Waliokula naye meza moja hawakujua alichokuwa akifanya, na waliosaidiwa naye hawakujua jina la nyumba yake. Siku moja tu, kila kitu kikawekwa wazi.

Vijana wenzangu, Katekisimu inatufundisha kwamba kila mtu anapokufa anahukumiwa papo hapo kadiri ya imani na matendo yake, na kwamba katika hukumu ya mwisho ukweli wa kila mmoja mbele ya Mungu utafunuliwa, pamoja na matunda yote ya mema aliyotenda au aliyoacha kutenda, hata yale yaliyofika mbali kuliko alivyojua. Mimi naiona barabara ile ya Torino kama kivuli kidogo cha siku hiyo. Katika Mathayo 25 wenye haki wanashangaa. Wanauliza ni lini walimwona Bwana ana njaa au yu uchi. Na wa kushoto nao wanashangaa vilevile, kwa sababu walikuwa wanamsubiri aje na tarumbeta, kumbe alishakuja na kikohozi, kwenye chumba cha juu chenye giza.

Hata Kanisa lilichukua muda kuona. Maskini wa Torino ndio walioanza kuomba atangazwe mtakatifu, na mchakato ukafunguliwa mwaka 1932. Baadaye ukasimama kwa miaka mingi, kwa sababu ya maneno ya watu kuhusu zile safari za milimani za wavulana na wasichana. Si mnajua maneno ya watu! Uchunguzi ulipofanywa vizuri, haukuonekana uchafu wowote. Mwaka 1981 kaburi lake la Pollone lilipofunguliwa, mwili ulikutwa haujaoza. Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili alimtangaza mwenyeheri tarehe 20 Mei 1990, na Papa Leo wa Kumi na Nne akamtangaza mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025, siku moja na Carlo Acutis. Hukumu ya watu ilimwona kijana asiyefika popote, kisha ikamwona wa kutiliwa shaka. Zote mbili hazikusimama.

Sasa, tufanyeje? Sitawaambia muuze simu. Nashauri vitu vitatu vidogo, kwa mfano wake.

Cha kwanza, chagua jambo moja la sala ambalo hutaliacha siku yoyote, hata siku umechoka, hata siku umetenda dhambi. Kumi moja la Rozari, au Misa moja ya katikati ya wiki. Ukianguka, kimbilia kitubio, halafu endelea.

Cha pili, uwe na mtu mmoja mwenye shida unayemjua kwa jina na kwa nyumba. Kutuma pesa kwenye mchango wa kundi ni vizuri, lakini Frassati alipanda ngazi. Muulize mwenyekiti wa jumuiya yenu nani hajatembelewa muda mrefu, uende, ukae naye hata nusu saa.

Cha tatu, fanya jema moja kila wiki ambalo hutalipiga picha wala kulisimulia. Liache mfukoni, kama ile stakabadhi. Atakayelitoa mbele ya wote ni Yeye mwenyewe.

Na usiku, kabla hujalala, badala ya kuuliza mwisho ni lini, jiulize: Bwana angeingia chumbani sasa hivi, angekuta nini mfukoni mwangu? Kama jibu linakutia hofu, kesho bado ipo. Anza na mtu mmoja.

Tuombeane.

Mtakatifu Pier Giorgio Frassati, utuombee.